Mizigo Tisa ya Kwenda Chuo

Nilipoteremka stesheni ya Tabora alfajiri moja ya Oktoba 2016, nilihesabu mizigo yangu mara tatu, na mara zote ilikuwa tisa. Sanduku la bati. Shangazi kaja mbili, moja nyekundu na moja ya bluu. Sulfeti ya madaftari. Godoro lililoviringishwa na kukazwa kwa kamba ya katani. Ndoo mbili zilizopachikana. Kiroba cha unga wa muhogo. Boksi la dagaa. Begi la mgongoni. Nilikuwa na miaka 20, nakwenda kuanza stashahada, na sikuwa na mtu wa kunipokea.

Nyumbani Ujiji mizigo hiyo haikuonekana mingi. Mjomba aliinua sanduku, watoto wa jirani wakagawana ndoo na unga, bajaji mbili zikaja mpaka mlangoni. Stesheni ya Kigoma kaka yangu akaingia ndani ya behewa akapanga kila kitu, kingine chini ya kiti, kingine juu. Mzigo ukibebwa na watu saba hauna uzito. Lakini watu wote saba walibaki mwisho wa reli, na kama kilomita 400 mbele yake nilikuwa mimi na mikono yangu miwili. Abiria waliokuwa wakiendelea na safari walinisaidia kupitisha vitu dirishani. Nashukuru mpaka leo, maana bila wao ningefika Dodoma na nusu ya vitu vyangu.

Akaja mzee mmoja na mkokoteni. Nikamwamkia.

"Marahaba, mwanangu. Unahamia?"

"Hapana baba, nakwenda chuo."

Akaitazama ile safu ya mizigo, akashika mpini wa ndoo ya juu. "Chuo hapahapa mjini? Na sokoni hakuuzwi ndoo?"

Hakusema kwa ubaya. Alianza kupakia, akaniuliza hosteli iko upande gani, tukaenda. Swali lake nililibeba pamoja na ile mizigo tisa, na jibu nililipata wiki mbili baadaye nilipoingia soko kuu la Tabora kununua kamba. Mbele ya duka la kwanza tu ndoo zilikuwa zimepangwa mnara, rangi ileile ya zangu, mfuniko uleule. Jirani yake magodoro. Jirani yake mabeseni, vyandarua, sahani, kufuli. Nilisimama pale nikihesabu kichwani ni vitu vingapi nilivyovitoa Ujiji ambavyo vilikuwa vinanisubiri mita chache kutoka hosteli.

Tangu siku hiyo ninapomsaidia mtu kufungasha, naanza na swali la yule mzee. Kwenda na nini, hilo ni la pili. La kwanza ni kule unakokwenda kuna nini: chumba kikoje, soko liko wapi, na ni kitu gani hasa hakipatikani ila kwenu.

Sasa niseme habari ya mawese, kwa sababu ndiyo iliyonifundisha kwa uchungu.

Kwetu Kigoma huwezi kumtoa mtoto nyumbani bila mawese. Shangazi yangu alileta kidumu cha lita tano, akakijaza mpaka mdomoni, kwa kuwa kidumu kisichojaa kwa mgeni au msafiri ni kama umempunja. Akakaza mfuniko, akakifuta na kitambaa, mama akakiweka kwenye shangazi kaja nyekundu katikati ya nguo ili kisipigwepigwe. Kwa macho ya mtu anayependa, hapo ndipo mahali salama kuliko pote. Tatizo ni kwamba mafuta yakipata joto yanatanuka. Kidumu kikijaa pomoni hakina pa kutanukia ila kupitia mfuniko, na begi likilazwa ubavu chini ya kiti, kila mtikisiko wa behewa unasaidia. Mahali fulani usiku, kati ya Uvinza na Kaliua, mawese yalianza kutoka taratibu. Nilisikia harufu nikadhani ni chakula cha mtu.

Nilipofungua hostelini, khanga za mama zilikuwa zimebadilika rangi ya chungwa. Blauzi mbili nyeupe, taulo, shuka. Na chini kabisa, ndani ya bahasha ya kaki, cheti changu cha kuzaliwa, vyeti vya shule, na fomu ya uchunguzi wa afya iliyosainiwa na daktari. Bahasha ilikuwa imeyanywa mafuta kwenye kona moja. Nilikaa sakafuni nikilia kimya, kwa sababu usajili ulikuwa kesho yake asubuhi na hawa watu nisiowajua walikuwa wananitazama.

Mwenzangu mmoja wa chumba, msichana wa Nzega, hakuuliza kitu. Alitoa sabuni ya mche kwenye ndoo yake, akachukua blauzi, tukatoka nje kwenye karo. Tulifua, tukaanika, doa likabaki. Akaniambia niache juani, nisifue tena. Kumbe rangi ya mawese, ambayo ni ya jamii moja na ile ya karoti, haistahimili jua. Mafuta yakishatoka kwa sabuni, jua linamalizia. Na jua la Tabora la Oktoba, kabla mvua hazijaanza, ni jua kweli. Siku ya nne blauzi zilikuwa za manjano hafifu, baada ya wiki ni nyeupe. Khanga nazo zikarudi. Karatasi ndiyo haifuliwi. Kona ya cheti changu cha kuzaliwa ina doa mpaka leo, na kila ninapokitoa ofisini mtu anakigeuza na kukikagua mara mbili. Kilipokelewa, namshukuru Mungu, kwa sababu mafuta hayakufika kwenye maandishi.

Kwa hiyo nasema hili kwa mtu yeyote anayemfungashia mwanafunzi: karatasi zisikae begi moja na kitu cha maji au mafuta, hata kama kimefungwa na fundi. Karatasi zikae mgongoni mwa mwenyewe, na begi hilo asilivue njiani isipokuwa kulikumbatia.

Chumba chenyewe kilikuwa cha watu wanne. Vitanda viwili vya deka, makabati manne membamba, meza moja, dirisha moja, soketi moja. Katikati ya vitanda mtu mmoja anapita, wawili wanapishana kwa ubavu. Mimi nilipata kitanda cha chini, nikafurahi, nikasukuma sanduku langu la bati uvunguni. Likagoma. Nikalilaza, nikaligeuza upande mwingine, nikajaribu kuinua kitanda kidogo. Lilikuwa limezidi kwa vidole vitatu. Vidole vitatu tu! Sanduku lile alilinunua baba nilipoingia kidato cha tano, bwenini tulikuwa tunayapanga ukutani, nikaona litanifaa tena. Likakaa njiani kati ya vitanda mwaka mzima. Mwenzangu wa kitanda cha juu cha pili aliumia muundi usiku mmoja umeme ulipokatika, ngozi ikachubuka. Aliniambia si kitu. Lakini nilijua kwamba kitu changu kimeziba nafasi ya watu wanne, na katika chumba cha watu wanne nafasi ndiyo heshima.

Kufuli nayo. Baba alininunulia kufuli kubwa, nzito, ya kuaminika. Tundu la kabati la hosteli lilikuwa dogo, chuma cha kufuli hakikupita. Ile kufuli ya baba ikafunga sanduku, na kabati nikalifunga kwa kikufuli cha bei rahisi nilichonunua dirishani kwa mama mmoja anayeuza vocha.

Chandarua changu kilikuwa cha duara, kile kinachoning'inizwa kwa kamba moja juu ya katikati ya kitanda. Nyumbani ni kizuri mno. Ukiwa kitanda cha chini cha deka, juu yako ni mbao za mwenzako, kwa hiyo hakishuki, kinakufunika uso. Nilihangaika nacho usiku mbili, mbu wakinimaliza. Kinachofaa deka ni cha pembe nne, unafunga kamba kwenye nguzo nne za kitanda, unachomeka pindo chini ya godoro. Haya ni mambo ambayo hakuna fomu ya kujiunga itakuandikia. Fomu yetu iliandika "chandarua", basi.

Madaftari ya kidato cha tano na sita, sulfeti nzima, sikuyafungua hata siku moja. Nilisomea utunzaji wa kumbukumbu. Historia na jiografia ya sekondari haikunidai tena. Lakini niliyapenda yale madaftari, niliyaandika kwa mkono wangu, na sikuweza kuyaacha. Nadhani kila anayekwenda chuo ana sulfeti yake ya namna hiyo. Iache nyumbani, mahali pakavu, mpe mtu mzima aitunze. Haitaibwa.

Blanketi zito sina haja ya kulieleza sana. Mama aliambiwa na mtu kwamba Tabora kuna baridi. Ni kweli kuna baridi, usiku wa Juni na Julai. Oktoba tulikuwa tunalala tumejifunika khanga, na wengine wanamwaga maji sakafuni ili chumba kipoe. Blanketi lilichukua robo ya shangazi kaja ya bluu, na kabati lisingelipokea, likawa mto wangu. Ningelichukua likizo ya katikati, nikirudi kwa muhula wa pili. Hili watu hawalifikirii: chuo hakiendwi mara moja. Utarudi nyumbani. Vya miezi ya baridi vinaweza kusubiri safari yake.

Boksi la dagaa lilinipa somo lingine. Dagaa walikuwa wazuri, wa Kibirizi, waliokaushwa juu ya chanja, si wale wa mchangani wanaokutafunisha kokoto. Lakini walikuwa wakavu tu, hawajakaangwa, ndani ya boksi la karatasi, chini ya kitanda, katika chumba chenye joto. Siku ya tatu sisimizi walipata njia. Siku ya sita harufu ilikuwa inatutangulia kwenye korido. Kupika chumbani kulikatazwa, jiko halikuwepo, nami sikuwa na namna ya kuwatumia. Mwishowe nikawapelekea mama lishe aliyekuwa na kibanda nyuma ya hosteli, pamoja na unga wote wa muhogo. Alifurahi sana, na muhula ule mzima sikulala njaa hata siku ambazo mfukoni hamna kitu. Lakini mama yangu hakuwapeleka dagaa wale kwa ajili hiyo, na sikumwambia mpaka nilipohitimu.

Kwa upande wa pili, vitu nilivyovikosa vilikuwa vidogo kiasi kwamba vyote vingeingia kwenye ndoo moja. Ekstensheni, kwa sababu soketi moja kwa simu nne ni ugomvi wa kila jioni. Kamba ya manila ya mita chache, ya kuanikia na ya chandarua. Sindano na uzi. Tochi. Nakala za vyeti na picha za pasipoti. Siku ya usajili nilipanga foleni stesheneri kuanzia saa moja asubuhi nikatoka saa tano, kwa sababu wanafunzi wote tulikumbuka kwa wakati mmoja. Kijiko! Nilikuwa na sufuria tatu na sikuwa na kijiko.

Ndoo sizidharau, nisieleweke vibaya. Miaka ile maji ya Ziwa Victoria yalikuwa hayajafika mjini Tabora, mji ulitegemea bwawa la Igombe, na bomba la hosteli lilikuwa na siku zake. Aliye na ndoo yenye mfuniko alioga, asiye nayo aliazima. Ila ndoo inayosafiri tupu ni kosa. Mbili tupu zilizopachikana ni kosa mara mbili.

Hayo yote niliyaandika kwenye daftari mwaka wa kwanza. Sikuwa na mpango nayo. Mwaka 2022 mdogo wangu alipochaguliwa chuo kikuu Dodoma, nikaomba ruhusa kazini Tabora nikapanda treni kurudi Ujiji na lile daftari mkobani.

Nilikuta shughuli imeshaanza. Sebuleni kulikuwa na shangazi kaja mpya, sanduku langu la bati limepakwa rangi, na kidumu cha lita tano kimekaa pembeni kama mzee wa ukoo. Mama alikuwa na furaha ambayo sikutaka kuigusa. Yeye alipokwenda shule ya bweni alipelekwa na kitambaa kimoja, nguo mbili na sahani ya bati, na wenzake walimcheka. Aliapa wanawe hawatachekwa. Ukilijua hilo huwezi kumwambia mama "punguza mizigo" kama vile unamwambia konda. Nilimwambia, "Mama, tumuulize kwanza aliyeko huko." Akakubali.

Binti wa jirani yetu alikuwa mwaka wa pili chuo hichohicho. Tukampigia. Nilimuuliza vitu vichache tu: uvungu wa kitanda una kimo gani, kabati lina upana gani, tundu la kufuli likoje, soketi ziko ngapi, godoro lipo au halipo, chandarua cha aina gani kinakaa, na soko la karibu linauza nini. Alikuwa mtoto mzuri, hakukisia. Aliazima tepu kwa fundi cherehani, akapima, akatutumia picha. Uvungu sentimita 34. Godoro lipo. Tundu la kufuli, aliweka kidole chake cha mwisho pembeni ili tuone.

Mama alichukua tepu yake mwenyewe, akaenda kulipima sanduku la bati. Sentimita 41. Akainuka bila neno, akalirudisha chumbani kwake. Sikulazimika kusema lolote, na nadhani ndiyo njia nzuri kuliko zote: mpe mzazi kipimo, usimpe mabishano.

Tukatandika mkeka, tukaweka kila kitu juu yake, kila kitu kikionekana. Hapo ndipo kazi yenyewe ilipo. Begi lililofungwa linadanganya, mkeka haudanganyi. Kila kitu tulikiuliza: Dodoma hakiuzwi? Kitatumika wiki ya kwanza? Uvunguni kinaingia? Ndoo ya pili, beseni, viango, mfagio, vyote vikarudi jikoni; hela yake mama akamfungia kwenye pindo la khanga akanunue huko. Sweta moja likabaki, blanketi likangoja likizo. Suruali tatu za jinzi zikawa mbili, maana jinzi moja nzito inakula nafasi ya magauni matatu.

Nguo tulizikunja kwa kuviringisha, zikibanwa kama chapati ya kusukuma, kuanzia kiunoni kwenda chini, hewa ikitoka. Zilizopigwa pasi, mbili tu za kuingilia darasani wiki ya kwanza, tulizilaza juu kabisa. Soksi zikaingia ndani ya viatu, viatu vikakaa upande wa magurudumu ya begi ili begi lisipinduke likisimama. Zamani tungetenganisha vitu kwa mifuko ya rambo, lakini ilishapigwa marufuku tangu Juni 1, 2019, basi tukatumia foronya: moja nguo za ndani, moja taulo na vya kuogea, moja chandarua na kamba zake. Naona foronya ni bora kuliko rambo ilivyowahi kuwa. Haipasuki, na mwisho wa safari ni ya mto.

Khanga nitazitetea daima. Mama alitaka kumpa shuka nne, nikamwomba ampe mbili na khanga doti mbili. Khanga ni nguo ya kwendea bafuni, ni taulo taulo likiwa limelowa, ni shuka la joto, ni pazia la kitanda cha chini ukitaka kuvaa na watu wamejaa chumbani, ni kifungio begi likikatika zipu. Ikikunjwa inalala bapa kama daftari. Hakuna kitu kingine nyumbani kinachofanya kazi hizo zote kwa unene huo.

Ndoo, moja tu ya lita 20 yenye mfuniko, ndiyo niliyoifungasha mwenyewe kwa furaha. Chini kabisa sabuni za mche, kwa sababu ni nzito na haziumii. Sahani zikasimama ubavuni. Ndani ya kikombe, kijiko na kisu kilichofungwa kitambaa. Ekstensheni imezungushwa, tochi, kikufuli kidogo. Kopo la maziwa ya unga lenye mfuniko wa kubana, ndani yake dagaa wa Kibirizi tuliowakaanga wakawa wakavu wa kuvunjika, wenye chumvi kidogo, tukawaacha usiku kucha wapoe kabisa. Ukiwafunika wa moto wanatoa jasho, wanaota ukungu. Hao anaweza kula na chochote, bila jiko, na hawanuki chumba.

Karatasi zilikaa begi la mgongoni. Vyeti halisi kwenye faili gumu la plastiki, nakala tatutatu kwenye bahasha nyingine, picha za pasipoti nane, kitambulisho, risiti za benki, barua ya bodi ya mikopo. Juu yake maji ya kunywa? Hapana, maji nikamwambia ashike mkononi.

Ikawa mizigo mitatu. Begi mkono wa kulia, ndoo mkono wa kushoto, begi mgongoni. Nikamwambia mdogo wangu ainue yote atoke nje, azunguke nyumba mara mbili bila kupumzika. Majirani walitoka kutazama. Mzunguko wa kwanza alikwenda vizuri, wa pili alisimama kwenye mwembe akabadilisha mkono. Tukafungua begi, tukatoa kamusi moja na viatu vya kisigino. Akazunguka tena.

Kidumu cha mawese kilibaki pale pembeni wiki nzima. Mama hakukitaja. Nilimweleza mapema yaliyonikuta, nikamwonyesha na ile kona ya cheti, akaitazama kwa muda mrefu. Miaka sita nilikuwa nimemficha. Alisema, "Pole mwanangu," akaenda kuchambua mchele.

Siku ya safari tulifika stesheni mapema, joto la jioni likiwa bado halijapungua. Mdogo wangu alipanda behewani na mizigo yake mitatu, hakuna aliyemsaidia, akapata kiti, akatokeza kichwa dirishani. Ndipo mama akafungua mkoba wake. Akatoa kichupa cha maji cha nusu lita, mawese yamefika shingoni tu, juu pameachwa nafasi ya vidole viwili. Chini ya kizibo alikuwa ameweka kipande cha nailoni, akakizungushia uzi wa cherehani, na juu ya yote akakifunga kwa kitambaa kilichokatwa kwenye khanga yake ya zamani, ileile iliyokuwa imegeuka chungwa safari yangu.

Hakuniangalia mimi. Alikigeuza kichupa juu chini, akakishika hivyo mbele ya dirisha, sote tukakitazama. Hakikudondosha hata tone.

"Ndooni kuna nafasi?" akauliza.

Mdogo wangu akafungua mfuniko. Nilikuwa nimeacha juu nafasi ya kiganja kimoja, kwa kuwa namjua mama yetu. Kichupa kikasimama wima kati ya kopo la dagaa na sahani, mfuniko ukarudi ukabana.